Sura ya 4: Barabara ni ya Nani? Strasbourg na Kurudi kwa Tramu

Mpango wa njia mpya ya tramu, yaani treni ya umeme inayopita katika barabara za mji juu ya reli zilizolazwa sawa na uso wa lami, kwa kawaida huanza kujadiliwa kana kwamba ni suala la ufundi peke yake: reli ziwe za aina gani, mabehewa yanunuliwe wapi, umeme utoke wapi, na mkopo ulipwe kwa miaka mingapi. Maswali hayo ni ya lazima, na ipo miji iliyoyapuuza ikaja kujuta, lakini hakuna hata moja kati yake linaloamua kama njia hiyo itawafaa watu wa mji. Linaloamua ni swali la mgawanyo wa nafasi, kwa sababu barabara iliyopakana na nyumba kila upande haiwezi kupanuliwa bila kubomoa, na kwa hiyo kila mita inayopewa tramu ni mita anayoondolewa mtu mwingine, awe dereva anayekatiza katikati ya mji, mwenye duka anayetaka wateja waegeshe mlangoni, au mwenye lori anayeshusha mizigo. Sura hii inalifuatilia swali hilo katika mji wa Strasbourg, mashariki mwa Ufaransa, ambako liliulizwa hadharani, likapigiwa kura, na jibu lake likatekelezwa kabla reli ya kwanza haijaanza kubeba abiria.

Strasbourg haikuwa ngeni kwa tramu. Tramu za kukokotwa na farasi zilianza mwaka 1878, baadaye zikaendeshwa kwa umeme, na mtandao ukakua hadi kuunganisha mji na vijiji vya jirani pande zote mbili za mto Rhine, kabla ya kufungwa kabisa mwaka 1960. Sababu za kufungwa kwake zilifanana na za miji mingine mingi ya Ulaya na Marekani: magari binafsi yaliongezeka, vifaa vya tramu vilikuwa vimechakaa baada ya vita, mabasi yalionekana kuwa rahisi kuendeshwa, na wahandisi wa barabara waliiona reli iliyo katikati ya lami kuwa kikwazo kwa mwendo wa magari. Ufaransa nzima ilifuata mkondo huo, hata ilipofika miaka ya 1970 ni miji mitatu tu, Lille, Marseille na Saint-Étienne, iliyokuwa imebakiza kipande cha mtandao wake wa zamani. Kurudi kwa tramu kulianzia Nantes mwaka 1985, kisha Grenoble mwaka 1987, ambako kwa msukumo wa vyama vya watu wenye ulemavu mabehewa yaliundwa yakiwa na sakafu ya chini ili mtu mwenye kiti cha magurudumu aingie bila kubebwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 moyo wa Strasbourg ulikuwa umebanwa na magari. Sehemu kongwe ya mji imekaa juu ya kisiwa kinachozungukwa na mikono ya mto Ill, chenye kanisa kuu la mawe mekundu na vichochoro vilivyochorwa tangu enzi za kati, na mwaka 1988 kisiwa hicho kiliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Hata hivyo takriban magari 50,000 yalipita kila siku katika Uwanja wa Kléber, uwanja mkuu wa kisiwa hicho, na mengi kati yake hayakuwa na shughuli yoyote hapo, bali yalikuwa yakikatiza kutoka upande mmoja wa mji kwenda mwingine. Ni muhimu kulishika jambo hilo, kwa sababu ndilo lililofungua njia ya ufumbuzi wote uliofuata: nafasi iliyohitajiwa na tramu haikuwa ikitumiwa na wakazi wa katikati ya mji wala na wateja wa maduka yake, bali na wapita njia.

Pendekezo lililokuwa mezani chini ya Meya Marcel Rudloff halikuwa la tramu. Lilikuwa la VAL, treni nyembamba isiyo na dereva, inayoongozwa na mitambo, ambayo hupita ndani ya handaki au juu ya madaraja na ambayo Lille iliizindua mwaka 1983. Watetezi wa VAL hawakuwa watu wasiojua walichokitaka, na hoja zao zinastahili kutajwa kwa uzito wake. Treni inayopita chini ya ardhi haikwami kwenye foleni wala kwenye taa za kuongozea magari, huenda kwa kasi kubwa zaidi, na kwa kuwa haina dereva inaweza kupita kila baada ya dakika moja au mbili bila gharama ya mishahara kupanda. Wenye maduka wengi wa katikati ya mji waliiunga mkono kwa sababu nyingine, nayo ni kwamba VAL ingepita chini na kuacha barabara za juu kama zilivyo, pamoja na maegesho yake yote.

Sababu hiyo ya pili ndiyo inayofichua kiini cha mgogoro. Handaki hugharimu mara kadhaa zaidi ya reli ya juu kwa kila kilomita, na sehemu kubwa ya fedha hiyo ya ziada, kama mtu akiitazama bila upendeleo, hainunui usafiri bali inanunua ruhusa ya magari kuendelea kubaki juu. Abiria ndiye anayelipia ruhusa hiyo, kwanza kwa kodi, kisha kwa kushuka na kupanda ngazi kila siku, na mwishowe kwa kupata njia fupi kuliko ile ambayo fedha hiyohiyo ingejenga. Wapinzani wa VAL mjini Strasbourg walilisema jambo hili kwa hesabu rahisi ambayo mpiga kura yeyote aliweza kuifuata: kwa bei ya mtandao mdogo wa chini ya ardhi, mji ungeweza kupata mtandao mpana wa tramu unaofika hadi kwenye mitaa ya wafanyakazi iliyokuwa mbali na katikati.

Uchaguzi wa manispaa wa Machi 1989 uligeuka kuwa kura juu ya hesabu hiyo. Catherine Trautmann, mgombea wa Chama cha Kisoshalisti aliyeahidi tramu badala ya VAL, alishinda na kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza mji wa Ufaransa wenye wakazi zaidi ya 100,000. Ushindi huo ulimpa kitu ambacho wapangaji wa miji mingi hukikosa, yaani idhini ya wazi ya wananchi waliojua kabla ya kupiga kura kwamba tramu ingekuja pamoja na kupunguzwa kwa magari. Mpango unaoletwa kwa wananchi kama zawadi isiyomgharimu mtu huanza kuyumba siku ya kwanza maegesho yanapofungwa, kwa kuwa kila anayeguswa huona ametapeliwa, na kwa haki.

Hatua ya kwanza ya utekelezaji, ambayo ndiyo yenye mafunzo mengi kuliko zote, haikuhusu reli hata kidogo. Mwezi Februari 1992, zaidi ya miaka miwili kabla ya tramu kuanza, mji ulifunga njia ya magari iliyokatiza Uwanja wa Kléber na kubadilisha mpango mzima wa barabara za katikati. Badala ya kupiga marufuku magari kisiwani, wapangaji waliweka mfumo wa vitanzi: dereva aliweza kuingia katikati ya mji kutoka upande wowote, kufika dukani, hotelini au nyumbani kwake, kisha akatolewa upande uleule alioingilia, bila uwezekano wa kuvuka kwenda upande wa pili. Aliyekuwa akikatiza alilazimika kutumia barabara za pembezoni. Kwa kufanya hivyo mji ulitenganisha makundi mawili yaliyokuwa yakihesabiwa pamoja katika kila takwimu za msongamano, yaani wale wanaokwenda mahali na wale wanaopita tu, na ukachukua nafasi kutoka kwa kundi la pili karibu peke yake.

Utaratibu huo wa kufunga kwanza na kujenga baadaye unapingana na silika ya wanasiasa, ambao hupenda kutoa huduma mpya kabla ya kuondoa ile ya zamani. Lakini una mantiki yake. Maumivu ya mabadiliko ya barabara yalikuja yakiwa peke yake na yakapoa kabla ya maumivu ya ujenzi kuanza, wenye maduka wakapata muda wa kuona kwamba wateja hawakutoweka, na wahandisi wakaweza kupima jinsi magari yalivyojipanga upya wakati bado kulikuwa na nafasi ya kurekebisha michoro. Tramu ilipofika, barabara ilikuwa tayari imeshabadilika mikono.

Upande wa fedha, miji ya Ufaransa ilikuwa na chombo ambacho wapangaji wa Afrika Mashariki wangefaa kukichunguza kwa makini. Tangu mwaka 1971 mjini Paris, na tangu 1973 katika miji mingine, sheria inaruhusu mamlaka za usafiri kutoza kodi maalumu kwa waajiri, inayohesabiwa kama asilimia ya jumla ya mishahara wanayolipa, ambayo wakati huo haikuweza kutumika kwa jambo lolote isipokuwa usafiri wa umma. Mji unaojenga njia yenye nafasi yake yenyewe barabarani, kama tramu, uliruhusiwa kutoza kiwango cha juu zaidi, hadi asilimia 1.75. Msingi wa kodi hiyo ni kwamba mwajiri ananufaika kila siku na mfanyakazi anayefika kazini kwa wakati, na kwa hiyo anapaswa kuchangia safari ya mfanyakazi huyo. Faida yake kwa mpangaji ni uhakika: benki hukopesha kwa riba nafuu mji wenye mapato ya kudumu yasiyoweza kuhamishiwa kwingine, na gharama za uendeshaji, ambazo nauli peke yake haizifikii, hupata chanzo kisichotegemea huruma ya bajeti ya kila mwaka.

Sheria iliuwekea mradi ngazi nyingine ya kupita. Kabla ya kutwaa ardhi, mamlaka lazima ipate tamko kwamba mradi una manufaa kwa umma, na tamko hilo hutanguliwa na uchunguzi wa wazi ambapo mkazi yeyote anaweza kusoma michoro na kuandika pingamizi lake. Aidha, katika miji mingi ya Ufaransa iliyojenga tramu imekuwa desturi kuunda kamati ya fidia inayoongozwa na jaji wa mahakama ya kiutawala, ambayo hupokea hesabu za maduka yaliyopoteza mapato wakati barabara zilipochimbwa na kupendekeza malipo bila kumlazimisha mwenye duka kwenda mahakamani. Kwa fundi viatu au muuza mikate ambaye miezi sita ya vumbi na uzio inatosha kumfilisi, kamati ya aina hiyo ndiyo tofauti kati ya mradi anaouvumilia na mradi anaoulaani, na gharama yake ni ndogo sana ikilinganishwa na ile ya reli.

Uchimbaji wenyewe huchukua muda kwa sababu ya vitu ambavyo wakazi hawavioni. Chini ya barabara ya mji wa kale kuna mabomba ya maji safi na maji taka, gesi, nyaya za umeme na za simu, na kama bomba lililo chini ya reli litapasuka, tramu italazimika kusimama mpaka litengenezwe. Ndiyo maana miji ya Ufaransa huhamisha mabomba na nyaya kabla ya kulaza reli, kazi inayoweza kudumu mwaka mzima au zaidi. Strasbourg ilikuwa pia na kizuizi kingine, nacho ni stesheni kuu ya reli na njia zake nyingi zilizokata mji, ambazo zililazimisha kuchimbwa kwa handaki la mita 1,400. Hapo palikuwa pahala pekee ambapo handaki lilikuwa na sababu ya kweli, na mji ulilichimba pasipo kusita.

Njia ya kwanza, iliyopewa herufi A, ilifunguliwa Novemba 1994 ikiwa na urefu wa kilomita 9.8, kutoka Hautepierre, mtaa wa nyumba za ghorofa za gharama nafuu upande wa magharibi, kupitia katikati ya mji hadi Baggersee upande wa kusini. Uchaguzi wa mwanzo wa njia una maana yake. Mji ungeweza kuanza na mitaa ya wenye uwezo au na majengo ya taasisi za Ulaya yanayovutia wageni, lakini ulianza na watu wengi wasio na magari, wale ambao safari yao ya basi ilikuwa ndefu kuliko ya mtu mwingine yeyote. Mabehewa yalikuwa na sakafu ya chini kutoka mwanzo hadi mwisho, milimita 350 tu juu ya reli, na madirisha makubwa yaliyoteremka karibu na sakafu, kiasi kwamba abiria aliyeketi aliuona mtaa na mtaa ukamwona. Katika sehemu nyingi reli zilizungukwa na nyasi, jambo linalopunguza kelele na kunyonya maji ya mvua, lakini pia, na pengine hili ndilo kubwa zaidi, linalomwambia dereva bila kibao wala faini kwamba nafasi hiyo si yake tena.

Uzito wa uamuzi wa Strasbourg huonekana vizuri zaidi mtu akiutazama mji ulioamua vingine. Portland, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, ilizindua tramu yake Julai 2001 kwa mabehewa yaliyotengenezwa Ucheki, na mengi katika mpango wake yalikuwa ya busara. Wahandisi walilaza reli juu ya bamba la zege lenye unene wa takriban sentimita 30 tu, kina kidogo kilichowawezesha kuacha mabomba mengi mahali yalipokuwa na kumaliza kila kipande cha barabara kwa wiki chache. Sehemu kubwa ya fedha ilitokana na hatifungani zinazolipwa kwa mapato ya maegesho ya jiji, na wenye viwanja kando ya njia walikubali kutozwa mchango. Mwaka 1997 jiji lilikuwa limetiliana saini na mwendelezaji wa eneo la maghala ya zamani ya reli, ambalo leo ni sehemu ya mtaa wa Pearl, mkataba wa kufuatana hatua kwa hatua: kiwango cha chini cha makazi kingepanda kutoka nyumba 15 kwa kila ekari hadi 87 jiji litakapobomoa daraja la barabara lililofunika eneo hilo, hadi 109 ujenzi wa tramu utakapoanza, na hadi 131 bustani ya umma itakapojengwa. Ni vigumu kupata mfano mwingine ambapo reli na makazi vimefungwa pamoja kwa maandishi namna hiyo.

Pamoja na hayo, tramu ya Portland ililazwa kwa sehemu kubwa katika njia ileile ya magari. Lori likisimama kushusha mizigo, tramu husimama nyuma yake, na tofauti na basi haina namna ya kulizunguka. Gari lililoegeshwa vibaya, likitokeza sentimita chache tu juu ya mstari, huweza kusimamisha mabehewa yote yaliyo nyuma. Waendesha baiskeli nao hunasa magurudumu yao katika mfereji wa reli. Tramu hiyo imebeba abiria na imevuta majengo, na haistahili kudharauliwa, lakini kasi yake katikati ya jiji ni ndogo kiasi kwamba kwa safari fupi mtu mwenye miguu mizima hushawishika kutembea. Jiji liligharamia reli bila kugharamia nafasi, na hakuna fundi anayeweza kulitengeneza pungufu hilo baadaye bila kurudi kwenye mjadala ulioepukwa mwanzoni.

Addis Ababa ilikosea upande wa pili. Njia zake mbili za reli nyepesi, zilizofunguliwa mwaka 2015 zikiwa na urefu wa takriban kilomita 32 na kugharamiwa kwa sehemu kubwa na mkopo wa Benki ya Exim ya China, zilipewa nafasi yao kamili, lakini nafasi hiyo ilizungushiwa uzio na kuta, na mpita kwa miguu aliyekuwa akivuka barabara mbele ya nyumba yake akajikuta anatembea mwendo mrefu kutafuta kivuko. Nafasi ilichukuliwa kwa mtu asiyekuwa na gari wala sauti. Baadaye upungufu wa vipuri na wa fedha za kigeni za kuvinunua, pamoja na nauli isiyokaribia gharama za uendeshaji, ulisimamisha zaidi ya nusu ya treni 41 zilizonunuliwa. Hesabu ya vipuri na ya karakana ilipaswa kuwa katika ukurasa wa kwanza wa upembuzi yakinifu, kama Dar es Salaam ilivyojifunza kwa njia yake: mabasi ya mwendokasi yaliyoanza Mei 2016 yalipata njia zao wenyewe kutoka Kimara hadi Kivukoni, jambo ambalo ni ushindi mkubwa na wa kudumu, lakini karakana yao iliwekwa Jangwani, katika bonde la mto Msimbazi, ambako mafuriko yameingia mara kwa mara na kuharibu mabasi.

Linabaki suala la kitovu cha usafiri, yaani mahali ambapo njia kadhaa hukutana na abiria hutoka katika moja kuingia nyingine. Vitovu hupendwa na wachoraji wa majengo na huchukiwa na abiria, kwa sababu ambayo ni rahisi kueleza: hakuna anayesafiri ili abadilishe gari. Kila kubadilisha ni kupoteza, na kazi ya mpangaji ni kupunguza upotevu huo katika mambo manne ambayo abiria huyahisi mwilini, yaani hatua za kutembea, ngazi za kupanda, dakika za kusubiri, na nauli ya kulipa mara ya pili. Jengo lenye paa zuri na maduka mengi lakini lenye mwendo wa dakika kumi kati ya basi na treni limeshindwa kazi yake, hata kama limepata tuzo.

Kitovu cha Strasbourg kiko Homme de Fer, hatua chache kutoka Uwanja wa Kléber, na kwa mtu aliyezoea stendi kubwa zilizozungushiwa ukuta huenda kisionekane kuwa ni kituo. Ni makutano ya barabara yaliyofunikwa kwa paa la kioo la duara, lisilo na mlango, geti wala ukumbi. Tramu za pande zote husimama usawa wa miguu, na abiria anayebadilisha huvuka mita chache za sakafu tambarare huku akiona kwa macho yake kama tramu anayoitaka imefika. Njia B ilipofunguliwa mwaka 2000 ilipitishwa hapohapo, na nyingine zikafuata. Tiketi ni moja kwa safari nzima. Kitu pekee kilichowezesha unyenyekevu huo wa majengo ni kwamba magari yalikuwa yameondolewa. Kama yangebaki, makutano yaleyale yangehitaji madaraja ya juu au vichochoro vya chini, na abiria angerudishiwa ngazi alizookolewa nazo mwaka 1989.

Stesheni kuu ya reli ilitoa somo la kinyume. Kwa kuwa tramu ya njia A hupita hapo ndani ya handaki, jukwaa lake liko takriban mita 17 chini ya ardhi, na msafiri anayeshuka kutoka treni ya Paris akiwa na mizigo huteremka kwa ngazi za umeme au lifti hadi huko. Handaki lililokuwa halikwepeki lilikuja na bei yake, na bei hiyo hulipwa mpaka leo kila treni inapowasili.

Kazi nyingine ya kitovu ilifanyika mbali kabisa na katikati. Siku tramu ilipoanza, mtandao wa mabasi ulichorwa upya, na mabasi mengi yaliyokuwa yakiingia kisiwani kutoka vitongojini yalikatishiwa kwenye vituo vya mwisho vya tramu kama Baggersee, ili yale yaliyookolewa kwenye foleni ya katikati yaongezwe mara za kupita huko nje. Kando ya vituo hivyo yalijengwa maegesho ambako dereva hulipa mara moja kuegesha gari na kupata tiketi za kwenda na kurudi kwa wote aliokuja nao. Mpango huo humfaa mtu anayetoka kijijini, ambako basi halifiki, na humwezesha kuacha gari kabla halijawa mzigo kwa wengine. Lakini unadai kwamba tramu ije mara kwa mara kiasi kwamba hakuna anayetazama ratiba. Abiria aliyeshushwa kwenye basi lililokuwa likimfikisha moja kwa moja, kisha akasubirishwa dakika ishirini kwenye mvua, ameibiwa. Wakazi wa Dar es Salaam walioshuhudia stendi ya mabasi ya mikoani ikihamishwa kutoka Ubungo, kando kabisa ya kituo cha mwendokasi, kwenda Mbezi Luis mwaka 2021, wanajua vizuri jinsi kilomita chache za kuhamishwa kwa kitovu zinavyoweza kuongeza nauli na saa nzima kwenye safari ya mtu mwenye mizigo na watoto.

Trautmann alishinda tena mwaka 1995 na kushindwa mwaka 2001, na waliochukua nafasi yake, wa mrengo uliokuwa umeitetea VAL, hawakung'oa reli bali walizirefusha. Wakati huo tatizo lilikuwa limegeuka. Kila njia mpya iliyopita Homme de Fer iliongeza urahisi wa kubadilisha, lakini pia iliongeza idadi ya tramu zinazogombania makutano mamoja, na hitilafu moja hapo iliweza kusimamisha karibu mji mzima. Ndipo ikachorwa njia E, iliyofunguliwa mwaka 2007, ambayo inazunguka pembeni ya katikati ya mji na kuunganisha mitaa ya kusini na ya mashariki bila kugusa Homme de Fer, na baadaye, mwaka 2017, njia D ikavuka mto Rhine juu ya daraja jipya hadi Kehl nchini Ujerumani, ng'ambo ambako tramu za zamani zilikuwa zikifika kabla ya kufungwa. Katika kila hatua mjadala uliojitokeza barabarani na katika kumbi za uchunguzi wa umma ulikuwa ni uleule wa 1989, safari hii katika mitaa mingine na kwa maegesho mengine, na wapangaji walilazimika kuujibu upya, mtaa kwa mtaa, kabla ya kuruhusiwa kuchimba.